Tunapotafuta mji wa kuhamia, tunatafuta nini?

KILA sifa njema anastahiki Allah (S.W), Mola aliyeikunjua ardhi na kuifanya kuwa na wasaa kwa waja wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ambaye aliuacha mji alioupenda kwa ajili ya dini yake, pamoja na ahali zake na maswahaba zake wote.

Ndugu msomaji, mazungumzo ya kuhama yamekuwa mengi miongoni mwa Waislamu wa mijini, na hasa hapa Dar es Salaam. Kaa barazani baada ya sala ya Isha utayasikia. Huyu amechoshwa na foleni, anatoka nyumbani watoto wamelala na anarudi wamelala. Yule kodi imempanda mara mbili. Mwingine nyumba ya marehemu baba yao pale Kariakoo imeuzwa, warithi wamegawana, na fungu lake halitoshi kununua hata banda la kuku mjini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu mmoja. Si ajabu watu wakitazama pengine. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024, wengi wameona kwamba kumbe maisha nje ya Dar yanawezekana.

Kuhama si jambo geni katika Uislamu. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 100, Allah (S.W) anamuahidi mwenye kuhama katika njia Yake kwamba atapata katika ardhi mahali pengi pa kukimbilia, pamoja na wasaa. Kalenda yetu yenyewe haianzi na kuzaliwa kwa Mtume (S.A.W) wala na kuteremka kwa wahyi. Inaanza na kuhama.

Tatizo basi si kuhama. Tatizo ni kile tunachokitafuta. Muulize mtu aliyehama hivi karibuni ni kwa nini alichagua pale alipo, atakujibu kama dalali: bei ilikuwa nzuri, umeme upo, maji yanakuja, lami haiko mbali. Muulize msikiti uko wapi, anaanza kufikiri. Muulize watoto wanasoma madrasa gani, anakwambia bado anatafuta. Na huu ni mwaka wa tatu tangu ahamie.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari. Kila mwaka napokea wanafunzi ambao wazazi wao walihamia pembezoni mwa jiji watoto wakiwa darasa la pili au la tatu. Unamkuta kijana wa kidato cha pili, ana akili nzuri tu, lakini Qur'an aliishia pale alipohama. Alikuwa amefika Juzuu Amma, leo anababaika katika Suratul Maun. Hakuna aliyemkataza kusoma. Alihamishiwa mahali ambapo hapakuwa na wa kumsomesha, na baba yake alikuwa anarudi saa nne usiku. Nyumba ilipatikana, mtoto akapotea.

SAFARI YA SIKU NANE

Kwa kuwa nasi tunafikiria kuhama, katika likizo ya Disemba iliyopita mimi, mke wangu na watoto wetu watatu tulifunga safari ya siku nane kwa gari ndogo tuliyoazimwa na shemeji yangu. Tulikwenda Morogoro, karibu kilometa 200, tukaendelea hadi Dodoma, tukarudi hadi Chalinze, kisha tukashika njia ya Segera kwenda Tanga. Siisimulii safari hii kwa kuwa ni ya ajabu. Naisimulia kwa sababu ilitufundisha namna ya kuutazama mji kwa macho ya Muislamu, na naamini zipo familia zinazojiandaa na safari kama hiyo.

Faida ya kwanza ilianza njiani. Watoto wamesoma sala ya msafiri vitabuni, lakini hawakuwahi kuiona. Tulipokuwa Gairo tukasali Adhuhuri na Alasiri, rakaa mbili mbili, kwa kukusanya. Mdogo akauliza kwa nini Magharibi haipunguzwi. Dada yake akamjibu kwamba tatu haigawanyiki. Nikamsahihisha kwamba sisi tunafuata tulivyofundishwa na Mtume (S.A.W), hatupigi hesabu. Somo ambalo darasani lingechukua vipindi viwili lilimalizika kando ya barabara.

MSIKITI KABLA YA NYUMBA

Ndugu msomaji, tazama alivyofanya Mtume (S.A.W) alipohama mwaka 622. Alipofika Quba, nje ya Madina, alijenga msikiti. Alipoingia Madina yenyewe, kazi ya mwanzo ilikuwa msikiti. Yeye mwenyewe, Mtume wa Allah, hakuwa na nyumba. Alikaa kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A) miezi kadhaa mpaka ujenzi ulipokamilika. Leo sisi tunajenga nyumba, tunazungusha ukuta, tunaweka geti, tunachimba kisima, ndipo tunauliza kama kuna msikiti wa karibu.

Kwa hiyo tulijiwekea utaratibu. Katika kila mji tulichagua mtaa mmoja ambao kwa kipato chetu tungeweza kuishi, na tukakusudia kusali sala zote tano za siku moja katika msikiti wa mtaa huo. Hatukuhesabu msikiti mkubwa wa katikati ya mji. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi hudanganyika na sifa za mji. Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Waislamu pale Msamvu, ni neema kubwa. Dodoma kuna Msikiti wa Gaddafi, ukiuona unafurahi. Tanga imesifika kwa wanachuoni na madrasa zake tangu enzi za babu zetu. Lakini sifa ya mji haimfikii mtoto wako anayeishi kilometa kumi na mbili nje ya mji, mahali ambapo nauli ya bodaboda ya kwenda darsa ni sawa na mboga ya siku nzima. Mtoto halelewi na mji, analelewa na mtaa.

Sala ya Alfajiri ndiyo iliyotupa habari za kweli. Adhuhuri msikiti wowote wa barabarani hujaa wapita njia. Alfajiri utawaona wenyeji. Katika mtaa mmoja tulikuta safu mbili kamili, vijana wakiwamo, na baada ya sala watu wakasalimiana kwa majina. Mtoto akianguka katika mtaa kama huo, atainuliwa na mtu anayemjua baba yake. Katika mtaa mwingine, wenye viwanja vizuri na bei nafuu kuliko kote tulikopita, msikiti ulikuwa kuta zisizo na dari, turubai limefunika kibla, na waliosali walikuwa wazee saba. Nitarudi kwa wazee hawa baadaye.

JIRANI NAYE ANACHAGULIWA

Waarabu wana msemo kwamba mtu atafute jirani kabla hajatafuta nyumba. Wanachuoni waliona maana kama hiyo katika dua ya Bi Asiya, mke wa Firauni, iliyotajwa katika Surat At-Tahrim, aya ya 11. Alimuomba Allah (S.W) amjengee nyumba Peponi, lakini alitanguliza kutaja kuwa karibu Naye kabla ya kuitaja nyumba yenyewe.

Jirani mwema si lazima awe Muislamu. Maswahaba wa mwanzo waliohamia Uhabeshi walielekezwa kwa mfalme Mkristo, kwa sababu Mtume (S.A.W) alijua kwamba katika himaya yake hadhulumiwi mtu. Hicho nacho ni kigezo: uadilifu. Ukifika mtaani uliza kama watu wanaaminiana, kama serikali ya mtaa inasikiliza, kama mwizi akikamatwa anapelekwa kunakostahiki au anachomwa moto. Uliza kama binti anaweza kurudi toka madrasa saa kumi na mbili jioni bila kusumbuliwa. Na jiulize pia kama wewe utakuwa jirani wa namna gani kwao.

KIWANJA CHENYE WENYEWE WAWILI

Katika mji mmojawapo, ambao sitoutaja, dalali alituonesha kiwanja kilichonyooka, kina miembe miwili. Bei ilikuwa ya kuvutia na haraka yake ilikuwa kubwa. Mke wangu akamuomba mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa jirani amsaidie maji ya kunywa. Katika kuzungumza, mama yule akamwambia kwamba kiwanja kile ni cha mayatima, ami yao ndiye anayekiuza, na mwaka jana kilishauzwa mara moja. Tukaaga, tukaondoka.

Eneo la msikiti wa Madina nalo lilikuwa la mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Ilisemwa kwamba lingetolewa bure, lakini Mtume (S.A.W) hakukubali mpaka lilipwe thamani yake. Yule aliyekuwa na haki ya kupewa kuliko mtu yeyote hakuchukua ardhi ya yatima bila ya kuilipia. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mwenye kuchukua hata shubiri moja ya ardhi kwa dhulma, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Sasa wewe utasali tahajudi ndani ya nyumba iliyojengwa juu ya shubiri ngapi?

Kwa hiyo usilipe siku ya kwanza hata kama dalali anakwambia yupo mteja mwingine njiani. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uhakikishe jina la mmiliki. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Zungumza na majirani wa mipaka yote minne. Kama ni mali ya mirathi, waone warithi wote, hasa wanawake, kwani wao ndio wanaosahauliwa. Na fedha ya kununulia isiwe ya riba. Kuhama kwa kukimbia kodi na kuingia katika vita na Allah (S.W) na Mtume wake si kuhama, ni kuangamia.

MKE NA WATOTO SI MIZIGO

Wapo akina baba wanaokwenda peke yao, wananunua, wanajenga, na siku ya kuhama ndipo familia inaambiwa ifunge mizigo. Huyo anawahamisha watu kama makabati. Allah (S.W) alimuamrisha Mtume wake (S.A.W) ashauriane na watu wake, naye anapokea wahyi. Siku ya Hudaybiya, maswahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa kwa uchungu wa kuzuiliwa kuingia Makka, ni Ummu Salama (R.A) aliyempa Mtume (S.A.W) ushauri wa kutoka na kuanza yeye mwenyewe bila kumsemesha mtu. Alifuata ushauri wa mkewe, na umma wote ukamfuata.

Katika safari yetu, mke wangu aliona ambayo mimi nisingeyaona. Kwenye msikiti mmoja niliousifu sana, aliniambia sehemu ya wanawake imegeuzwa stoo ya mikeka mibovu na spika za zamani. Alichunguza kama kuna darsa ya akina mama, kama zahanati ina wakunga wanawake, kama maji yanabebwa kichwani au yanafika uani. Binti yetu, anayeingia sekondari, alitaka kujua kama shule ya kata ina mwalimu wa dini au ina kipindi tu kwenye ratiba. Sikumfundisha kuuliza hivyo. Mwanangu wa kiume aliuliza kuhusu uwanja wa mpira, nalo ni swali la haki. Kijana asiyekuwa na pa kucheza atatafuta pa kukaa, na vijiwe havikosekani.

WAZAZI TUNAWAACHA NA NANI?

Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalosemwa kidogo. Mama yangu mzazi anaishi Temeke. Tulipomueleza habari ya kuhama alisema jambo moja tu: yeye haondoki mji uliozikwa mume wake. Hakukasirika, wala hakutukataza. Alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W) kutaka ruhusa ya kwenda jihadi. Akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Aliposema ndiyo, akaelekezwa kwamba jihadi yake iko kwao. Ikiwa jihadi imeahirishwa kwa ajili ya wazazi, kiwanja cha bei nafuu kitashindwa? Sisemi kwamba mwenye mzazi mjini asihame. Nasema katika hesabu zako, mbele kabisa ya bei ya saruji, iwepo hesabu ya saa na nauli ya kumfikia mama anapougua usiku. Iwepo makubaliano na ndugu zako nani anakaa naye, nani anatoa nini. Baada ya mazungumzo yale na mama, baadhi ya miji tuliyoipenda ilianza kuonekana iko mbali sana.

TUNAPELEKA NINI?

Sasa nirudi kwa wale wazee saba. Tulipomaliza sala, mmoja wao alinishika mkono akaniuliza kama mimi ni ustadh. Nikamjibu kwamba nafundisha. Akasema walikuwa na kijana aliyesomesha watoto pale, akaoa, akarudi kwao, na sasa ni mwaka mzima watoto hawana wa kuwasomesha. Hakuniomba kitu. Alinishika mkono tu mpaka tulipofika kwenye gari.

Kwa vigezo vyangu vyote mtaa ule ulikuwa umeanguka. Lakini tulipokuwa njiani mke wangu akasema: "Mwalimu, sisi tumezunguka siku zote hizi tunauliza mji utatupa nini. Hatujauliza mji mmoja unataka nini kwetu."

Ndugu msomaji, Madina haikuwa Madina kabla ya kuendewa. Ilikuwa Yathrib, mji wa homa na wa vita vya Aus na Khazraj. Kabla ya Hijra, Mtume (S.A.W) alimtanguliza kijana mmoja, Mus'ab bin Umayr (R.A), akawasomeshe Qur'an watu wa kule. Hakwenda kukagua nyumba. Alipowasili Mtume (S.A.W), nyumba nyingi za mji ule zilikwishaingia Uislamu. Abdurrahman bin Auf (R.A) alipounganishwa udugu na Saad bin Rabi' (R.A), naye akamuahidi nusu ya mali yake, alimuombea baraka na akaomba aoneshwe soko lilipo. Hakwenda Madina kuwa mzigo wa mtu. Alikwenda na kazi yake mikononi.

Na hapa kwetu, Bagamoyo, Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, alifika mji ule akiwa mtumwa mwenye asili ya Manyema, upande wa Kongo. Hakuwa na kiwanja wala ukoo. Alisoma, akasomesha, na mji ukawa unamtegemea yeye katika dini. Mji unaweza kutengenezwa na mgeni.

Lakini tusijidanganye. Mus'ab alikwenda akiwa amekomaa. Mwenye elimu na subira anaweza kuhamia penye upungufu, akawa dawa. Asiyekuwa na elimu, anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, akihamia penye upungufu anawatoa watoto wake kafara kisha anasema alikwenda kujenga umma. Kila baba na ajipime kwa haki: je, mimi ni wa kutoa au bado ni wa kupokea? Ukiwa wa kupokea, nenda penye safu mbili za Alfajiri, na wala si aibu. Ukiwa wa kutoa, wazee saba wapo katika kila pembe ya nchi hii, na turubai lao linavuja.

BAADA YA KUONA, ISTIKHARA

Ukishazunguka, ukashauriana, sali istikhara. Jabir bin Abdillah (R.A) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W) aliwafundisha istikhara kama anavyowafundisha sura ya Qur'an. Istikhara si kulala ukisubiri kuoteshwa ramani ya kiwanja, na kabisa si kwenda kwa mtu akupigie ramli akwambie mji gani nyota yako inakubaliana nao. Hiyo ni shirki, hata kama aliyepiga amevaa kanzu na ameshika tasbihi. Istikhara ni rakaa mbili, dua, kisha unaendelea na jambo lako. Likiwa la kheri litafunguka, likiwa la shari utaepushwa nalo.

Kama hali inaruhusu, panga kwanza mwaka mmoja kabla ya kujenga. Na mkishahama, msishangae watoto wakilia kwa kuukumbuka mtaa wa zamani. Muhajirina walipofika Madina waliugua homa, na Bilal (R.A) akawa anaimba kwa kuyatamani mabonde ya Makka. Mtume (S.A.W) hakuwakemea. Alimuomba Allah (S.W) awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Fundisheni watoto dua hiyo.

Sisi hatujaamua. Mama yupo Temeke, wazee saba wako kule, na karatasi ya hesabu ipo mezani. Lakini kuna hesabu moja tumekubaliana haitabadilika. Nabii Ibrahim (A.S), kama ilivyo katika Surat Ibrahim, aya ya 37, aliiweka familia yake katika bonde lisilo na mmea wowote, akamweleza Mola wake kwamba amefanya hivyo ili wasimamishe sala. Sala ilitangulia. Nyoyo za watu kuwaelekea na riziki ya matunda aliviomba baada ya hapo, na mpaka leo bonde lile halijapata njaa ya watu wala ya matunda.

Tunamuomba Allah (S.W) atuteremshe materemsho yenye baraka, atupe majirani wema, awahifadhi wazazi wetu na kizazi chetu katika dini hii popote watakapokuwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.